Jina la Maksai wa Kushoto

Mume wangu alimpa maksai wetu wa kushoto jina lake mwenyewe. Alifanya kusudi. Aliujua ulimi wangu wa matusi, na alijua kuwa kwetu mke hatamki jina la mumewe; akilitamka tupu, bila wimbo wa kulifunika, wanasema, anampunguzia siku. Basi mimi nilitukana kuku, nilitukana mvua, mama mkwe nilimtukana kimoyomoyo, lakini yule maksai nilimwita "wewe." Na kwa "wewe" hageuki. Ukimchapa, ndiyo kwanza anaota mizizi. Anayetaka aende sharti amwite jina, na akishaitwa huifuata sauti mpaka miguuni pa mwitaji, kama mlevi aliyesikia mtungi ukifunuliwa.

Mume nitamwita Baba Gangu, kwa jina la binti yetu. Mwaka ule wa vita alikuwa ngomeni, juu ya kilima, ng'ambo ya mto, yeye na wanaume wote wa kijiji. Watu wa Kampuni, wale wafanyabiashara wa kigeni wenye jeshi tuliowaita Wavaa Kofia, walikuwa wameshauteka mji mkubwa, na sasa walikuwa wanaburura mzinga kuja kuibomoa ngome yetu.

Wakafika siku ya Pola, sikukuu ya maksai. Siku hiyo maksai hatiwi nira hata kama mfalme anahama nyumba. Tunamwosha, tunampaka rangi pembe, tunamvisha maua, na mkate wa dengu na sukari guru anaula yeye kwanza, sisi baadaye. Mama mkwe alikuwa ameuinua mkate mdomoni pa maksai, na maksai ameshatoa ulimi, mlango wa ua ukapigwa teke.

Aliyeingia alikuwa Lingappa, mkalimani wao, mtu wa kusini, mwenye fimbo na kilemba kipya. Nyuma yake askari.

"Nataka maksai wanaokijua kivuko," akasema. "Wa kwetu wanaogopa mto."

"Wana akili kuliko mabwana zenu," nikamwambia.

"Mama, funga mdomo."

"Nikiufunga utaongea na nani? Hawa ng'ombe?"

Mama mkwe akamtolea macho. "Leo ni Pola, wewe uliyezaliwa porini! Hata wezi hawaibi maksai leo!"

"Sisi hatuibi, bibi. Tunaazima."

"Ndivyo mlivyoiazima na nchi."

Waliwafungua wote wawili, na maua yao shingoni. Mkate ukaanguka, askari akaukanyaga. Mama mkwe akauokota, akaupangusa, akaufunga kwenye ncha ya sari yake. Akanigeukia mimi, maana hasira lazima ipate pa kulala: "Na wewe umesimama kama mwiko!"

Tukawafuata hadi mtoni, sisi wanawake wote, tukiwatukana njia nzima. Kivuko chetu ni mgongo wa mawe, mwembamba. Upande wa juu maji ya magoti, upande wa chini shimo lisilojulikana mwisho. Walifunga msururu mrefu wa maksai mbele ya mzinga, wetu wakatiwa mbele kabisa. Ofisa wao, mwekundu kama pilipili iliyosahauliwa juani, akatangulia kuvuka na farasi, akasimama ng'ambo, saa mkononi.

Mzinga ukafika katikati ya mto. Hapo mpumbavu mmoja akamchapa maksai wetu wa kushoto.

Akaota mizizi.

Wakamchapa tena. Akasinzia. Nyuma yake msururu mzima ukasimama, na magurudumu yakaanza kuzama kati ya mawe. Na kule milimani kulikuwa kumeshakuwa kweusi. Mvua ilikuwa inanyesha kwa wengine, lakini maji yake yalikuwa yanakuja kwetu. Sisi wa mto tunajua. Wao walikuwa wanatazama fimbo.

Lingappa akarudi ukingoni kwetu mbio, suruali imeloa. "Huyu mnyama anaendaje?"

"Kwa jina lake," akaropoka mwanamke mmoja, Mungu amsamehe.

"Jina lake nani?"

Macho yote kwangu. Nikaona mambo yote mawili kwa mara moja. Nikimpa jina, atavuka nalo, ataliita kutoka ng'ambo, na maksai wangu atamvutia mzinga mpaka chini ya ukuta aliosimama Baba Gangu. Nisipompa, maji yatapanda na maksai atazama na nira shingoni.

"Siwezi kulitamka," nikasema. "Ni jina la mume wangu."

Akaishusha fimbo. Kwao pia desturi ni hiyo hiyo. Mama yake hajawahi kumtaja baba yake. Akamwendea mama mkwe. "Bibi, mwanao anaitwa nani?"

"Eeh?"

"Mwanao! Jina lake!"

"Sitaki kununua," mama mkwe akasema. "Mimi kiziwi wa masikio yote."

Akawauliza wengine. Huyu akamwita Baba Gangu, yule akamwita shemeji, mwingine akamwita mume wa huyu mwenye mdomo. Ng'ambo ofisa alikuwa anapiga kelele. Lingappa akaninyooshea fimbo usoni. "Kwenu mnalitaja kwa kibwagizo, kwenye harusi. Nalijua hilo. Haya, imba!"

"Hilo sasa ni neno, kaka. Ila kibwagizo hakikurupushwi."

Nikajifunika kichwa vizuri, nikakohoa, nikaanza pole pole:

"Dengu nimeshazisaga, mtungini mna maji,
Bwana wangu yu ngomeni, ananusa huu uji…"

"Jina!"

"Bado. Hapo nimebisha hodi tu."

Maji yalikuwa yamefika matumboni mwa maksai. Nikaendelea:

"Kofia nimeziona, juu ya watu walaji,
Kuku wetu wamekula, sasa wacha wanywe maji…"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Lingappa akanipiga fimbo ya bega. Nililia, lakini kwa vina. Gurudumu moja la mzinga likainuka, likaelea kidogo, likarudi. Maksai wetu alikuwa ameinua pua juu ya maji, rangi ya pembe inamchuruzika machoni. Alikuwa ananitafuta. Nikasahau ubeti wa tatu.

Nikamvuta mama mkwe sari. "Mama, mwite wewe. Wewe humpunguzii kitu."

"Sauti yangu haivuki hata ua, inafika kwako tu," akanong'ona. "Ita wewe!"

"Nilitaje? Tupu?"

"Litaje! Nitakulaani baadaye!"

Basi nikajaza kifua, nikalitoa mbele ya jeshi la Kampuni na wanawake wa kijiji kizima:

"Hirojiiiii!"

Maksai akageuka. Si kwenda ng'ambo. Aligeuka kwangu, palepale juu ya mgongo wa mawe, na mwenzake wa kulia akamfuata, na msururu mzima ukajikunja kama sari iliyokamuliwa. Kamba zikauvuta mzinga kwa ubavu. Ulilala taratibu, kama mzee anayetafuta mto wa kichwa, ukaingia shimoni. Wakakata kamba kwa mapanga ili wasipoteze wanyama wote. Ofisa alikuwa anarukaruka ng'ambo. Saa sikuiona tena.

Maksai wetu wakatoka na nira imevunjika. Tukawaingiza kwenye mtama kabla Lingappa hajapata pumzi. Akanipata mimi. Fimbo ile mgongo wangu unaikumbuka kila mvua ikikaribia, na nyumba yetu waliichoma kabla ya jua kuzama.

Ndani ya mtama mama mkwe akafungua ncha ya sari, akamlisha maksai mkate wake, na tope lake. Kisha akatimiza ahadi, akanilaani.

"Umelitangaza jina la mwanangu kama muuza vitunguu!"

"Nilikuwa namwita ng'ombe, Mama."

"Na kama mauti nayo imesikia?"

Hakusema nami tena msimu mzima. Wavaa Kofia walileta mzinga mwingine mvua zilipokwisha, na ngome ikaanguka. Kila jioni tulikaa sote wawili tukitazama njia ya kilimani, yeye upande wake, mimi wangu, maksai katikati.

Baba Gangu akaja siku moja alfajiri, anachechemea, na kitambaa kichwani. Sikio la kushoto halikuwepo.

Mama mkwe akalitazama mahali lilipokuwa, akanitazama mimi. Akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Unaona ulichofanya?"

"Naona, Mama," nikasema. "Nililiita jina zima, wamekata sikio tu."

Baba Gangu akauliza tunagombania nini. Hakusikia vizuri, ikabidi azungukwe upande wa pili.