Kwanza Lamba Ukuta

“…na mgeni akifika, utaufyata huo ulimi,” jirani yangu alimalizia, kidole kikinielekea puani.

Nilimjibu kwamba ulimi ni wangu, naulisha mwenyewe, na siku nikiufyata nitampelekea taarifa.

Ugomvi wetu ni ukuta. Mtaani tunamwita Bwana Forodha, maana alistaafu kazi ya forodha lakini hajastaafu kuzuia vitu vya watu. Mwaka jana alizuia upepo wangu. Alinyanyua ukuta hatua mbili tu kutoka dirisha langu la upande wa bahari, na chumba ninachoshonea kikageuka tanuri. Mimi nina ngozi ngumu. Mama mkwe wangu ana pumu. Nilimwomba jirani aushushe japo kozi tatu za matofali. Akasema joto halijaua mtu. Ikabidi mama ahamie bara kwa wifi yangu, na wale mashoga zake waliokuwa wakijaa sebuleni kila siku na umbea wao wakaondoka naye. Nyumba ikabaki na mlio wa cherehani.

Basi nikatulia. Mji wenyewe huu mdogo kama kiganja. Anayehamia lazima apite mbele yangu.

Mgeni alikuwa nesi aliyepata uhamisho, akitafuta nyumba ya kupanga na mumewe na watoto watatu, na Bwana Forodha alikuwa nayo moja tupu nyuma ya ukuta ule. Alitukuta bado tumevimbiana. Bwana Forodha akabadili sauti kama redio iliyohamishwa stesheni. Akamtembeza: bomba hili, choo kile. Mwisho akamleta kwenye ule ukuta, akaupiga kofi kama anayesifia ng’ombe wake. Akajigamba kuwa ukuta na nyumba vilijengwa pamoja, mafundi wale wale, mchanga ule ule.

Moyo wangu ukacheza ngoma. Mchanga ule niliuona ukishushwa. Ulikuwa na magamba ya kaa.

Nesi akanigeukia, akaniuliza mtu anayehamia huku ajue nini.

“Dada yangu, kwanza lamba ukuta.”

Akacheka, akidhani namtania. Nikamweleza kwamba wapo wanaoona mchanga wa mtoni ghali, wakazoa wa ufukweni bila kuuosha. Chumvi yake haiachi kuvuta maji. Rangi inabanduka, vyumba vinatoka jasho, watoto wanakohoa mwaka mzima. Rangi mpya hudanganya macho, ulimi haudanganyiki.

Nesi akabandua gamba la rangi kwa ukucha, akagusa kwa kidole, akaonja. Kicheko kikamkauka. Akaingia kwenye nyumba kuonja chumba cha watoto.

Hapo Bwana Forodha akanisogelea, sauti chini. “Shemeji, mwambie ni mvuke wa bahari tu. Ijumaa nauvunja ukuta. Wote.”

Upepo wangu huo, ananinyooshea kama pipi. Akilini nikamwona mama amerudi dirishani, mashoga zake wamejazana. Nikayaona na mapafu madogo ya wale watoto watatu.

“Joto halijaua mtu,” nikamwambia.

Nesi akatoka akijifuta ulimi kwa leso. Akaniuliza kama kuna jingine la kujua.

“Yapo mengi, na mengine yana majina ya watu,” nikasema, kwa sauti ya kumfikia aliyesimama nyuma yake. “Karibu ndani tule, dada. Joto utatuvumilia tu. Upepo wetu umekwama forodhani.”