King'ora cha Wakubwa

Udongo wa kaburi la mdogo wangu ulikuwa bado mbichi, na wanaume walishaanza siasa. Walikaa mkekani mbele ya nyumba yetu, vikombe vya kahawa mkononi, wakibishana kama hospitali za serikali zinatibu watu au zinawamaliza. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa makuti, upande wa wanawake, nimempakata mtoto wa marehemu, nikiwasikia neno kwa neno. Nilitamani kuwamwagia ile kahawa.

Khalid, mwenye duka Tarasaa, alisema serikali haiwezi kuendesha hata choo, sembuse wodi. Hospitali zote wapewe watu binafsi, alisema, tuone kama kuna muuguzi atakayegoma. Mwalimu George akamjibu kwamba hao watu binafsi hawatakanyaga matope yetu hata kwa kubembelezwa, na kwamba chanjo walizochanjwa wote pale mkekani zilikuwa za serikali. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake kidogo. Aliyekaa kimya ni kaka yangu Ubeid, ambaye kabla ya wiki ile hakuna aliyemshinda kwa kuitukana serikali.

Ubeid ana sababu. Mwaka juzi mama yetu alipopooza, tulipiga simu tukaambiwa ambulansi iko njiani. Tukamlaza kivulini kando ya tuta la barabara, tukangoja toka asubuhi hadi alasiri, Ubeid akimpepea kwa kanga. Gari halikuja, na mama akatufia pale pale. Tangu siku hiyo ukimtajia kaka yangu maneno "iko njiani", anacheka kicheko kibaya halafu anaondoka.

Sasa Mwanasha, kitinda mimba wetu, alijifungulia nyumbani wakati wa mafuriko, maana zahanati ya kijijini ilikuwa imefungwa, wauguzi wamegoma. Mtoto alitoka salama, akalia, tukapiga vigelegele. Kisha damu ikaanza kumtoka Mwanasha na haikukoma. Mkunga alifanya yote aliyoyajua, akabadilisha kanga moja baada ya nyingine, mwisho akaniambia huyu ni wa hospitali, na upesi.

Komora, mumewe, alipiga simu hospitali ya Garsen. Baadaye wakampigia kwamba gari limeshatoka, lina muuguzi na dripu, mgonjwa aletwe kwenye tuta. Komora alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Ubeid hakufurahi. Alikuwa ameshaushusha mtumbwi majini. Alisema mto umejaa na unakwenda mbio, ukiuachia tu mtumbwi utafika Garsen kabla hao hawajamaliza kutafuta ufunguo wa gari.

"Shemeji, mama nilimngojesha," alimwambia Komora. "Huyu simngojeshi."

Nani angembishia? Komora hakuweza, nami sikuweza. Tukamlaza Mwanasha kwenye godoro ndani ya mtumbwi. Alinishika kidole, akaniambia, "Dada, mtoto asilale na njaa." Komora akaniachia simu yake, maana ya Ubeid ilikuwa imezima tangu umeme ukatike, ili gari likija kweli nimwambie dereva kwamba wamekwenda. Hata yeye alisema "likija kweli". Ndivyo tulivyo huku.

Mtumbwi ulikuwa haujafika kwenye kona ya mto nilipokisikia king'ora. Nilidhani masikio yananidanganya. Kisha nikaliona gari lenyewe, jeupe, limejaa matope mpaka madirishani, likija juu ya tuta. Dereva wake, Mgiriama wa makamo aitwaye Randu, aliruka chini kabla halijasimama vizuri. Muuguzi, Mbodze, mmoja wa wachache ambao hawakugoma, alikuwa ameshavaa glavu. Niliwaonyesha mtumbwi kwa mkono. Randu akarudi garini akakipiga king'ora tena na tena, nami nikakimbia ukingoni na mtoto kifuani, nikipunga kanga. Hawakugeuka.

Komora ameniambia baadaye kwamba walikisikia. Alimwomba Ubeid wapige kafi warudi ukingoni. Lakini huku kwetu king'ora ni cha mheshimiwa, anayekuja na msafara wa magari kutugawia unga wakati wa mafuriko na kupigwa picha akiugawa. Hatujawahi kukisikia kikija kwa ajili yetu.

"Hicho cha wakubwa," Ubeid alimwambia. "Wewe mkinge mkeo na jua."

Akaendelea kupiga kafi, na mto ukawabeba wakapotea kwenye kona.

Mbodze alinivuta ndani ya gari pamoja na mtoto, Randu akageuza. Njia nzima nilikaa kando ya kitanda kitupu. Shuka lilikuwa safi, limetandikwa vizuri, na dripu imeshaning'inizwa, mpira wake ukichezacheza kila tulipoingia shimoni. Sindano ya kuzuia damu ilikuwa kwenye kisahani karibu na goti langu. Nililitazama lile shuka nikapata uchungu ambao hata kwa mama sikuupata. Gari tulilolililia miaka yote nilikuwa nimelipanda mimi, na mdogo wangu hayumo.

Tulifika kivukoni Garsen kabla yao. Mbodze aliingia majini mpaka magotini, chupa ya dripu mkononi, akangoja. Mtumbwi ulipotokea, Komora alikuwa amekilaza kichwa cha Mwanasha mapajani pake, amemfunika uso kwa shati lake. Ubeid aliliona gari. Akamwona Mbodze, kisha akaniona mimi. Kafi likamtoka mkononi likachukuliwa na maji, na mtumbwi ukaja wenyewe mpaka Randu alipoudaka.

Hayo yote wale wa mkekani hawakuyajua. Walijua tu kwamba Mwanasha alifia mtoni, na Khalid sasa alikuwa anatafuta ushahidi wa kummaliza Mwalimu George.

"Mwulizeni Ubeid," alisema. "Mama yake alikufa akingoja gari la serikali. Sasa na dada yake. Ubeid, gari lilikuja?"

Mwalimu George aliinamisha kichwa. Kupitia tundu la makuti nilimwona kaka yangu akikiweka kikombe chini taratibu. Siku zote zile nilikuwa na hasira naye isiyo na mfano, na bado nilimhurumia. Nilitaka aseme, na nilitaka anyamaze.

"Lilikuja," alisema Ubeid.

Khalid akasema samahani, hakumsikia vizuri.

"Lilikuja. Nililisikia."

Akavuta kilemba chake akajifunika uso, akalia mbele ya wanaume wote, na hakuna aliyejua amshike wapi. Mabishano yaliishia hapo. Mtoto naye akaamka akaanza kulia kwa njaa, nikaondoka kwenda kumchemshia maziwa.