Siku Nne za Mngoni Kufumba Mdomo

Mimi Shaibu ni Mmwera wa Nachingwea, na Vitalis ni Mngoni wa Songea. Kwa hiyo ni mtani wangu tangu tumboni mwa mama, na nina haki ya kumcheka mpaka siku ya maziko yake. Haki hiyo sikuwahi kuitumia ipasavyo hadi mwaka ule ambao soko la Kariakoo lilikuwa bado linajengwa.

Tulikuwa tunajaza magodoro ya sufi katika ushirika wetu mdogo, upande wa Gerezani. Sufi ni nyepesi. Ukiifumua inaruka, na kabla ya saa nne imeshakuvika ndevu nyeupe. Wote tulijifunga kitambaa puani. Vitalis hakujifunga. Atajifungaje, na yeye kutwa anaghani? Ndiye aliyekuwa kinara wa ngonjera zetu, na Jumamosi ile tulikuwa tunashindana na washona viatu pale Mnazi Mmoja:

*Godoro na tulijaze, mkulima alalie,*
*Nyuzi zote tuzikaze, sufi isichungulie!*

Beti tamu. Tatizo lilikuwa sauti. Kila asubuhi Vitalis aliamka koo limekauka, anakwaruza kama bati linaloburutwa. Akachemsha tangawizi, akalamba asali, akanywa mayai mabichi matatu. Sauti ikazidi kukwaruza, na sasa ikanuka yai.

Jumanne, Mama Josepha, mwenyekiti wetu, akamsimamisha mbele ya wote.

"Ndugu Vitalis, Jumamosi saa mbili asubuhi nitakusikiliza. Ukikwaruza, beti zako atazisoma Anselmi."

Anselmi! Mtu anayesoma shairi kama anaita majina ya wagonjwa! Vitalis akaketi juu ya robota la sufi, machozi yakimlenga. Beti zile alizitunga mwenyewe kwa miezi miwili.

"Usilie, mtani," nikamwambia. "Wangoni mliwakimbiza babu zetu porini, leo mnashindwa na koo?"

"Nyamaza, mla panya wewe!"

Nikamburuta hadi kliniki ya meno, maana niliamini kosa ni la meno yake ya mbele, ambayo hufika kila mahali kabla yake. Mhudumu, Dada Evarista, akamkagua, kisha akasema, "Fumba mdomo."

Akafumba. Punde akaufumbua kwa kishindo, anatweta kama aliyeibuka kisimani.

"Koo halina kosa, pua ndiyo imeziba," akasema Evarista. "Unalala mdomo wazi?"

"Nitajuaje, Dada? Nakuwa nimelala."

"Mimi najua," nikadakia. "Tumepanga chumba kimoja, na kuta za nyumba hazifiki darini. Vyumba sita tunakoroma mkoromo mmoja, na ni wa huyu."

Evarista akacheka, kisha akamweleza taratibu. Pua huchuja vumbi na kuilainisha hewa. Mdomo hauwezi kazi hiyo, ndiyo maana koo hukauka na usingizi haushibishi. Na mtoto anayehema kwa mdomo miaka nenda rudi, ulimi wake haukai juu kwenye kaakaa, taya huweza kukua jembamba na meno yakasukumana kutafuta nafasi.

"Meno yangu yatarudi nyuma?" Vitalis akauliza.

"Kwa kufumba mdomo tu? Hayarudi, umeshakua. Lakini sauti inaweza kurudi. Kazini funga kitambaa. Asubuhi na jioni safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Lala ubavu. Mchana jizoeze kuhema kwa pua, mdomo umefumbwa."

"Tumshone kwa sindano ya magodoro?" nikauliza.

"Weka mbali sindano yako! Hata kitambaa asifungwe mdomoni akilala. Pua ikiziba, atahemea wapi?"

Siku nne, Mngoni afumbe mdomo! Hapo ndipo utani ulipopata kazi. Mtani akichukua kitu chako, huna kesi. Unangoja apende kukirudisha. Nikatangaza: kila nikimkuta mdomo wazi, nachukua.

Jumatano nilichukua kofia, mkanda na viatu. Alhamisi alifungua mdomo kulalamikia viatu, nikachukua shati. Jioni akataka kunitukana, likaenda la pili, na hakuwa na la tatu. Ijumaa hakufungua mdomo hata mara moja. Alikuwa amebakiwa na suruali.

Jumamosi alfajiri Bi Zamzam wa chumba cha tatu akatugongea mlango.

"Shaibu! Mngoni amekufa? Sijasikia kitu!"

Hakuwa amekufa. Alikuwa amelala ubavu, mdomo umefumbwa, mpole kama mtoto aliyeshiba uji.

Saa mbili akasimama mbele ya Mama Josepha, kifua wazi, miguu mitupu.

"Shati liko wapi?"

Vitalis akaninyooshea kidole. Mama Josepha, mwenyeji wa Masasi, aliyeujua utani wa kwetu, hakuhitaji maelezo.

"Haya, anza."

Akavuta pumzi kwa pua, ndefu, bila haraka. Kisha sauti ikatoka, pana, nyororo, ikavuka mlango mpaka barabarani. Wasukuma mikokoteni wakasimama. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele asijue cha nini.

"Anselmi," akasema Mama Josepha, "keti."

Nikamrukia mtani wangu, nikamkumbatia na kumvisha shati. Akanitazama, akavuta tena pumzi kwa pua, akanimwagia matusi aliyoyahifadhi siku nne, yote kwa sauti ileile safi, bila kukwaruza hata neno. Aliponimaliza mimi, akaanza na babu yangu.