Wimbo wa Shiraz

Mwizi wa barabarani unampigia kelele. Mwizi anayemuoa mdogo wako unamwandalia chai, huku mama anakukanyaga mguu chini ya meza ili utabasamu. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hili naweka kikombe chini nisije nikakivunja.

Jina langu Malek, binti mkubwa wa nyumba ya Kihindi. Tulitoka Unguja tukahamia Dar, na serikali ilipochukua nyumba ya baba mwaka 1971 tukaja London, tukakaa Hayes. Dar nilikuwa naiga tu nyimbo za redioni. Wimbo wa kwanza uliokuwa wangu kweli niliutunga baridi ya kwanza, siku nilipomwona baba amesimama kituo cha basi na koti aliloazimwa na jirani, limemmeza mpaka vidole havionekani. Baba yangu, aliyekuwa akishonewa suti! Nikashika gitaa, nikautunga kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikauita "Koti la Kuazima". Nilipoumaliza nilijua kazi yangu duniani ni hii.

Shiraz, mchumba wa mdogo wangu Gulzar, alikuwa anajuana na watu wa studio. Akaniomba wimbo huo kwenye kanda ili akawasikilizishe. Nikauliza kama tuandikiane. Mama akanikata jicho. Mtu wa kwetu, ukoo wake na wetu umekula sinia moja Unguja, leo umdai karatasi? Kwetu hilo ni tusi. Nikampa kanda mkononi.

Ikawa kimya. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha santuri, chumba cha kusikilizia. Santuri zikitoka mashinini, sisi wanawake tunavaa hedifoni, tunasikiliza kama zina mikwaruzo. Siku moja nikaweka santuri mpya, nikasikia wimbo wangu. Moyo ulinipasuka kwa furaha, jamani, nusu dakika nzima! Kisha msichana wa Kizungu akaanza kuimba kwa kudeka, jinsi anavyopenda kuvaa koti la mpenzi wake. Baba yangu anayetetemeka kituoni wamemgeuza kijana wa kukumbatiwa. Nikatazama lebo. Mtunzi: Shiraz.

Nikaitia alama ya mbovu. Nikachukua nyingine, nayo mbovu. Msimamizi wetu, Margaret, akaja akavaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho huku anatikisa kichwa kwa raha.

"Mbona nzima? Kasoro iko wapi?"

"Wimbo wangu huu. Nimeibiwa."

"Hiyo si kasoro ya santuri," akasema, akazirudisha sandukuni.

Jioni nikamkuta Shiraz sebuleni kwetu anakula kababu za mama.

"Shemeji, usikasirike," akasema hata kabla sijafungua mdomo. Macho yangu yalimtosha. "Nani hapa London angenunua santuri ya Malek? Mimi nimekufungulia mlango. Next time tutaweka jina lako."

"Mlango gani? Umeingia peke yako ukaufunga!"

"Malek!" mama akadakia. "Kadi zimeshagawiwa. Unataka mdogo wako aachwe? Nyamaza, mwanangu, harusi ipite."

Nikanyamaza, lakini sikusamehe. Nilijifungia chumbani na gitaa. Nilikuwa nimezoea kutunga kwa huzuni, nikitafuta maneno matamu. Safari hii kila neno tamu nililitupa. Nikagundua hasira inajua kutunga kuliko mimi.

Harusi ilikuwa ukumbini Rayners Lane. Desturi yetu, wanawake wa upande wa bibi harusi humpokea bwana harusi kwa nyimbo za kumkejeli: pua yake, ubahili wa mama yake, chochote. Naye lazima acheke. Akinuna ameaibika yeye na ukoo wake. Shangazi zangu wakaimba zao, watu wakafa kwa kicheko. Nikasimama na gitaa. Nilijua namuumiza Gulzar, na nampenda Gulzar. Nikaimba.

*Shiraz, Shiraz, hilo koti la nani?*
*Mzee anatetemeka, wewe waringa harusini!*

Nikataja jina la baba yake na duka lao. Nikataja kanda, na mkono ulioipokea. Mara ya kwanza wanawake walicheka. Mara ya pili wakaitikia, maana kiitikio kilinasa ulimini. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, ila waliendelea kuitikia, kwa sababu sasa walikuwa wameelewa. Shiraz peke yake ndiye aliyekuwa anacheka, meno nje, jasho linamtiririka shingoni. Gulzar alinitazama kwa chuki. Baba aliinua uso. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, lakini niliiona midomo yake: ilikuwa inaitikia.

Nilipomaliza nikamgeukia bwana harusi mbele ya watu wote.

"Huu mzuri kuliko ule, shemeji. Kaurekodi. Jina lako limo tayari."