Ksenia wa Jina Jipya, Ottilie wa Jina la Zamani

Asubuhi ya kubadili dini, Binti Mfalme Ottilie alikunywa chai kwa jemu ya cheri, mkate akauacha. Jana yake alikuwa amemwona mchumba wake, Mwana Mfalme Arkady wa Urusi, akimzaba mtumishi makofi hadi kumtoa damu kwa sababu ya glavu moja iliyopotea. Alimweleza baba yake, mtawala wa kijinchi cha Ujerumani ambacho farasi angekivuka kabla ya chakula cha mchana.

"Baba, simtaki. Nirudishe nyumbani."

"Petersburg nzima imeshapambwa, mwanangu. Uso wangu nitauweka wapi?"

Wakaenda kanisani. Kama desturi ilivyowataka mabibi harusi wa Kijerumani wanaoolewa Urusi, aliikana imani ya Kilutheri, akapakwa mafuta, akapewa jina jipya, Ksenia Fyodorovna. Hapo msichana mmoja akawa wawili: Ksenia akainuka, akaubusu mkono wa padri. Ottilie akabaki amepiga magoti palepale, amevaa gauni lake la kijivu.

Bi Varvara, msimamizi wa bibi harusi, aliwatazama wote wawili, akaona kuna tatizo la viti.

"Huyu wa kijivu hana cheo tena," alisema. "Mwekeeni kigoda karibu na jiko la kuotea moto. Na keki ya harusi asiiguse."

Siku ya harusi padri aliuliza, "Ksenia, umekuja kwa hiari yako, bila kulazimishwa?"

"Ndiyo, padri."

"Mimi nimelazimishwa!" Ottilie alipaza sauti kutoka nyuma. "Simtaki!"

Nta ya mshumaa ikamdondokea Arkady mkononi, naye hakuifuta. Padri alikishusha kitabu.

"Yule anaitwa nani?"

"Ottilie," alijibu Bi Varvara.

"Niliyeambiwa nimwozeshe ni Ksenia," alisema padri, akaendelea. Ungedhani angalau mtu mmoja angeona haya. Wapi! Wageni waliangalia saa zao.

Arkady alianza kupiga kabla theluji haijayeyuka. Alimpiga Ksenia, uvimbe ukamtoka Ottilie. Ksenia hakusikia maumivu. Jioni alicheza dansi mashavu yakiwa laini, na watu wakasema ndoa imemkubali. Daktari wa kasri alimkanda Ottilie kwa barafu na hakuuliza kitu.

Baridi ilipopungua, baba alikuja kuwatembelea. Ksenia alimmiminia chai. Ottilie akatoka kando ya jiko na sanduku lake, jicho moja limefumba, mdomo umepasuka.

"Baba, niko tayari. Twende."

Mtawala alimtazama. Alimjua, kwani kikombe alikiweka nje ya kisahani, chai ikamwagika. Moyo ulimuuma, hilo nalisema waziwazi. Kisha akamgeukia Ksenia, akalibusu shavu lake safi.

"Namshukuru Mungu, binti yangu ni mzima kabisa," alimwambia Bi Varvara. "Huyu mwingine mwongezeeni kuni. Naona anatetemeka."

"Tunamwongezea kila siku, Mtukufu," alisema Bi Varvara, akamletea mtawala koti lake.