Herufi Aliyoimeza Elieth

Sauti ya kwanza aliyoitambua Elieth kwenye rekodi haikuwa yake. Ilikuwa ya friji ya Jerotich, ikinguruma. Nyuma ya friji, mbali, mtu alikuwa ananong'ona.

"Huyo ni wewe," alisema Wayne ofisini, msaidizi wa wakili wake, kijana wa Nakuru aliyevaa tai na raba. "Hapo unaongea na bima ya yule mwenye gari jeupe. Kizungu ni cha mkalimani. Na amesema wewe ndiye ulimgonga."

"Mimi?"

"Ubavuni. Ati umekubali mwenyewe."

Jerotich, anayeishi naye hapa ughaibuni, Silver Spring, aliruka kitini. "Wee! Yule mzee alitoka kwa parking bila kuangalia, akamvaa! Elieth, ulikubali nini?"

Elieth aliangalia viatu vyake. Bima wakishikilia hivyo, gari halitatengenezwa, na bila gari hatafika Temple Hills alfajiri kumwogesha bibi anayemhudumia. Kazi atapewa mwingine.

"Rudisha," alisema.

Wayne akarudisha, akaongeza sauti. Friji ikanguruma kama lori. Kisha, kwa mbali: "Niligong...a ubavuni."

"Niligonga," alisema Wayne taratibu.

"Niligongwa! W ipo." Mashavu yalimchoma. "Niliimeza. Mkalimani alikuwa mwanaume. Na lile neno... vijana wa kwetu wakilisikia wanawaza ya kitandani, wanacheka."

Halafu Jerotich akaelewa, akajifunika uso kwa sweta, mabega yakitikisika. "Woiye! Mlango mzima umekunjwa, na wewe unaona haya!"

"Usinicheke, dada."

"Sikucheki." Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kicheko.

Wayne alikuwa ameshashika simu, macho yakimng'aa. "Tunawapigia sasa hivi, na mkalimani mwingine. Lakini leo hakuna kunong'ona. Hiyo W isikike mpaka mji wa Manassas!"

Kwenye spika akaingia mama wa bima, kisha mkalimani. Mwanaume tena, Mkongo, sauti nzito kama ya padri.

"Mama, utuelezee, ile aksida, ile ajali ya gari, ilifanyika namna gani?"

Elieth akasimama. Hakujua kwa nini anasimama.

"Niligongwa!" Neno lilitoka kubwa mno, mtu wa chumba cha pili akachungulia mlangoni. "Ni-li-go-ngwa. Nilikuwa kwenye njia yangu. Yeye akatoka maegesho, akanigonga mlango wa kulia."

Mkalimani hakucheka. Akatafsiri, na ndani ya Kizungu kile kirefu Elieth akanasa maneno mawili anayoyajua, *was hit*, yakiwa yameshikana vizuri. Wayne akapiga ngumi hewani. Jerotich akauma sweta.

Mama wa bima akauliza tena.

"Anasema," mkalimani akaeleza, "hukuweza kumukwepa? Pengine na wewe ulikosea kidogo?"

Tangu apate leseni, kila aliyemuuliza kama kweli anaweza kuendesha, Elieth alimjibu kwa tabasamu: najaribu tu. Hata Jerotich alipomuuliza, alimjibu hivyo, na Jerotich ndiye aliyemfundisha. Chini ya dirisha, kwenye Georgia Avenue, taa iligeuka kijani na magari yakaanza kusogea, moja nyuma ya jingine.

"Hapana," alisema Elieth. "Mimi ni dereva mzuri."