Neno Lililokatazwa Kwenye Tela

"Utasema nini?" dereva aliuliza, kichwa nje ya dirisha la pikapu.

"Nitasema 'imeshika'."

"Na hutasema nini?"

Shemeji yake alishusha pumzi. "Shemeji, nimekuelewa tangu nyumbani. Rudi nyuma basi, jua linatuchoma."

Dereva hakurudi nyuma. Alishuka, magoti yakimuuma, akaenda kutazama mwenyewe nafasi iliyobaki kati ya gololi ya chuma ya kuvutia iliyo nyuma ya pikapu na kichwa cha tela kinachoishika. Akapanda, akarudi nyuma kiganja kimoja, akashuka tena. Kazi ya dakika mbili aliifanya nusu saa. Miezi minane alikuwa akiifanya hivyo peke yake, panda shuka, panda shuka, mpaka usingizini miguu yake ilitafuta pedeli. Alikuwa amechoka, wala hakujisumbua tena kusema, maana nani hakuuona uchovu wake?

Neno lenyewe lilikuwa "haya". Miezi minane nyuma shemeji alisimama pale pale, mkono mmoja kwenye kichwa cha tela, mwingine umeshika simu. Aliyepiga alikuwa dada yake, mke wa dereva, akiuliza watarudi saa ngapi. Wakazungumza, wakamaliza kama watu wote wanavyomaliza simu: "Haya. Haya basi, haya." Dereva, mguu juu ya breki akingoja kuambiwa, akasikia "haya", akadhani anaambiwa yeye, akarudi nyuma. Vidole viwili vya shemeji vikaishia hapo. Kila mtu alisema hakuna mwenye kosa, na kusemwa hivyo hakukumsaidia dereva hata chembe. Nyumbani neno likafa. Siku hizi mke wake akimaliza kuongea anakata simu tu, mpaka majirani wanadhani ana kiburi.

Leo mzigo ulikuwa rola ya kushindilia barabara, zaidi ya tani mbili, na mtu mmoja haiwezi. Ndiyo sababu shemeji alirudi kazini. Wakati wanatoka, mke alimvuta dereva pembeni ya mlango.

"Nirudishie kaka yangu kama unavyomchukua," alisema, akarudi kufagia.

Tela iliposhika, dereva mwenyewe aliipandisha rola juu ya tela. Kabla haijavuka magurudumu ya tela, akaizima.

"Si huwa tunaisogeza mbele zaidi?" shemeji aliuliza.

"Hapa panatosha. Wewe funga mnyororo wa nyuma. Wa mbele niachie."

Shemeji alitaka kubisha, akautazama uso wa mwenzake, akaenda nyuma kufunga.

Kwenye tambarare walikwenda vizuri, ila mkia wa pikapu ulikuwa umeinuka na magurudumu yake ya nyuma hayakuishika barabara vizuri. Dereva aliliona hilo akaendelea kuendesha. Mteremko ulipoanza, tela ikaanza kucheza. Kwanza kidogo, kisha ikawa inauvuta mkia wa pikapu kushoto, halafu kulia, na kwenye kioo rola ilitokea upande huu, ikapotea, ikatokea upande ule.

"Usikanyage breki," shemeji alisema taratibu.

"Najua."

Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani umenyooka, akaiacha gari ipunguze mwendo yenyewe. Lori lililokuwa linapanda likawapita karibu sana, likipiga honi ndefu. Tela ikacheza mara mbili tena, kisha ikachoka. Akaegesha palipokuwa sawa, nje ya barabara, akaweka magogo chini ya matairi.

Shemeji alizunguka tela mara moja. "Uzito wote uko mkiani. Unauinua mkia wa pikapu. Kosa hili wewe ndiye uliyenifundisha nisilifanye."

"Nimelifanya makusudi."

"Makusudi vipi?"

"Rola ikikaa mbele, mnyororo unafungwa pale kwenye gololi. Ungekimbilia kuufunga wewe, hukawii. Sikutaka uwe pale."

Shemeji alimgeukia. "Kwa hiyo ungetuua wote wawili kulinda vidole vinane."

Dereva alitaka kucheka. Yakamtoka machozi, akayafuta kwa mkono wenye grisi, akazidi kujichafua. Kwa miezi minane alikuwa amemwogopa mtu huyu kuliko alivyomwogopa mtu yeyote, na hakuwahi kumwambia.

"Panda," shemeji alisema. "Tuisogeze."

Wakalegeza minyororo. Dereva akakaa juu ya rola, akaiwasha. Shemeji akasimama chini, pembeni mwa kichwa cha tela, mahali pale pale, akanyanyua mkono wenye vidole vitatu ili aonekane.

"Njoo. Njoo. Bado." Chuma kizito kilijiviringisha taratibu kumfuata. Mkia wa pikapu ukaanza kushuka. "Njoo. Kidogo. Haya, hapo hapo."

Rola ikasimama. Wakatazamana.

"Umelisema," dereva alisema.

"Nimelisema. Mdomo umechoka kulizunguka."

Akaufunga mnyororo wa mbele mwenyewe, akaukaza, akauvuta mara tatu kuujaribu. Dereva alisimama akiangalia kila kidole.

Walipokuwa wamekaa garini, simu ya shemeji ikaita. Alikuwa dada yake.

"Tumesimama kidogo tu kupanga mzigo," alimjibu. "Ndiyo, yuko hapa. Mzima." Akasikiliza. "Vidole? Viko vyote vinane, njoo uhesabu." Akasikiliza tena, akamtazama dereva, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya."

Safari hii dada yake hakukata simu. Akaiondoa sikioni, akawasha spika, akaiweka katikati yao. Dereva alikuwa ameshika ufunguo bila kuuzungusha. Kutoka upande wa pili ulisikika ufagio ukipita sakafuni, taratibu, kisha ukatulia, mke wake akiwa bado anasikiliza.